"Homoni Zimevurugika": Neno Moja, Mizigo Mingi, na Ukweli kuhusu Steroidi na Sonona

Katika saluni moja ya Mwanga, mjini Kigoma, nilikaa Jumamosi moja nikimsubiri dada yangu amalize kusukwa, na kwa muda wa saa mbili hivi nikasikia neno "homoni" likitumika kwa maana zisizopungua nne. Msusi alisema shoga yake, aliyejifungua wiki tano zilizopita na ambaye sasa analia kila jioni akimtazama mtoto, "homoni zimemvuruga". Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akapinga, akasema yule kawahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Binti aliyekuwa akipakwa rangi za kucha akaongeza kwamba hata dada yake alikuwa hivyo hivyo kwa sababu ya vidonge vya kunenepa, tena alipoviacha ndipo akawa halali wala hali. Nje, kijana mwenye spika juu ya baiskeli alikuwa akitangaza unga wa mizizi unaosawazisha homoni za mke na mume, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Bibi mmoja tu, aliyekaa karibu na mlango na kapu lake la samaki wa migebuka, hakutaja homoni. Yeye alisema mzazi haachwi peke yake.

Ukimwondoa kijana wa spika, kila mmoja wao alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo ya watu wengi, na likishabebeshwa hivyo linaacha kueleza lolote. Mzazi anayelia, binti anayekunywa vidonge vya kunenepa, mgonjwa wa pumu aliyeandikiwa dawa ya prednisoloni na kijana anayejidunga sindano ili misuli itune, wote wanaambiwa homoni zao zimevurugika, wakati yanayotokea miilini mwao hayafanani. Makala hii inajaribu kulifungua fundo hilo kwa upande mmoja, yaani kundi la homoni linaloitwa steroidi na namna linavyohusiana na sonona.

Tuanze na sonona yenyewe, kwa sababu nayo hutajwa ovyo. Huku kwetu mtu husema ana mawazo, ana moyo mzito, au ana msongo, na maneno hayo yanaweza kumaanisha chochote kuanzia ada ya shule isiyolipwa hadi ugonjwa wa kweli. Msongo wa mawazo ni shinikizo, na mara nyingi kinachoshinikiza kikiondoka, mtu hupumua. Huzuni ni jibu la kawaida la moyo kwa msiba au hasara, na huja kwa mawimbi: aliyefiwa hulia asubuhi, na mchana akacheka kidogo watu wakisimulia vituko vya marehemu. Sonona ni ugonjwa. Madaktari huitambua pale ambapo mtu, kwa wiki mbili au zaidi na karibu kila siku, amezama moyo au amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, huku akiwa na dalili nyingine kama kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupungukiwa au kuzidiwa na hamu ya kula, uchovu usioelezeka, kushindwa kutuliza akili, kujilaumu bila sababu na kuwaza kifo, kiasi kwamba kazi na maisha ya nyumbani yanaharibika. Wiki mbili hizo zikumbukwe, maana tutazirudia.

Homoni, kwa upande wake, ni ujumbe wa kemikali unaotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu mwili mzima. Fikiria meli inayopiga honi bandarini Kigoma. Mlio unafika Kibirizi, unafika sokoni, unapanda hadi Mwanga, lakini anayenyanyuka na mizigo yake ni mwenye tiketi tu. Wengine wanaendelea kuuza nyanya. Homoni nayo hupita kila mahali, ila huitikiwa na seli zile tu zenye kipokezi chake, na ubongo una vipokezi vingi vya steroidi, hasa katika sehemu zinazoshughulikia kumbukumbu, hofu na hisia.

Steroidi ni jina la ukoo. Homoni zote za ukoo huu hutengenezwa kutokana na kolesteroli, mafuta yale ambayo tumezoea kuyasikia yakitajwa kwa ubaya. Mkulima wa michikichi atalielewa hili upesi: kwenye mti mmoja anapata mawese katika nyama ya tunda na mafuta ya mise katika kokwa, na kutokana na mafuta hayo anapata hata sabuni, kila kimoja kikiwa na kazi yake ingawa asili ni moja. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, hutoa kotisoli na aldosteroni. Ovari hutoa estrojeni na projesteroni, na korodani hutoa testosteroni, ingawa mwanamke naye ana testosteroni kidogo na mwanamume ana estrojeni kidogo. Kwa hiyo dhana kwamba steroidi ni kitu cha wabeba vyuma ina kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa kila anayesoma hapa anazo mwilini saa hii.

Asili hiyo ya mafuta inazipa steroidi uwezo ambao homoni nyingi nyingine hazina. Utando unaoizunguka seli nao ni wa mafuta. Basi insulini, kwa mfano, hubaki mlangoni ikabisha hodi, ilhali steroidi hupenya hadi ndani, hukutana na kipokezi chake, kisha huingia nacho kwenye kiini cha seli na kubadili maagizo gani ya jeni yasomwe na yapi yafungwe. Kazi ya namna hiyo huchukua saa au siku, na athari zake hukawia kuondoka. Ndiyo sababu mtu aliyeanza au kuacha dawa ya steroidi leo anaweza kubadilika tabia keshokutwa au wiki ijayo, wakati yeye na jamaa zake wameshakisahau kidonge na wanamtafuta mchawi.

Mwili haumwagi homoni hizi kiholela. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huziamuru adrenali zitoe kotisoli. Kotisoli ikitosha katika damu, haipothalamasi na pituitari huihisi na kupunguza amri. Ni kama tangi la maji lenye boya ndani: maji yakipanda, boya linapanda na kufunga koki; maji yakishuka, boya linashuka na koki inafunguka. Ila tangi hili halina kimo kimoja kwa siku nzima. Kotisoli hupanda sana alfajiri na muda mfupi baada ya kuamka, ikimsukuma mtu atoke kitandani, kisha hushuka taratibu hadi kufika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani wakati wa giza la mwezi wanaijua saa hiyo ya mwili hata kama hawajawahi kusikia jina lake, kwa jinsi usingizi wa mchana usivyoshibisha.

Msongo wa maisha huifungua koki, na kwa saa chache hilo ni jambo jema, kwa kuwa kotisoli huleta sukari katika damu na kumpa mtu nguvu ya kukabili kilicho mbele yake. Shida huanza hatari isipokwisha. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi wenyewe si mada yangu, lakini anayetaka kuielewa kotisoli aifikirie kaya iliyotegemea dagaa pekee ikihesabu wiki kumi na tatu. Hofu ya siku moja huipandisha kotisoli na kuishusha. Hofu ya kila siku huizoesha koki kukaa wazi. Kwa baadhi ya watu wenye sonona kali imeonekana kwamba kotisoli iko juu, hasa jioni na usiku inapopaswa kuwa imeshuka, na kwamba boya halifungi sawasawa.

Ugunduzi huo ulileta tumaini kubwa. Mwaka 1981 daktari wa magonjwa ya akili Bernard Carroll na wenzake walipendekeza kipimo: mgonjwa anameza usiku deksamethasoni, ambayo ni steroidi iliyotengenezwa maabara, na siku inayofuata anapimwa kotisoli. Boya zima litahisi kuwa steroidi zimejaa na litafunga koki. Boya bovu litaiacha kotisoli itiririke. Matokeo yakawa ya nusu nusu. Wengi wenye sonona kali hawakufunga kweli, lakini wengine wengi wenye sonona ya wazi kabisa walifunga vizuri tu, na watu wenye maradhi mengine, au waliopungua uzito ghafla, nao hawakufunga. Leo kipimo hicho hakitumiki kuamua nani ana sonona. Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu nakutana mara kwa mara na watu wanaotaka wapimwe homoni ili ijulikane kama wana sonona, na wengine wametozwa pesa nyingi kwa ajili hiyo. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu hilo. Sonona hutambuliwa kwa kuuliza na kusikiliza. Damu hupimwa ili kuona kama kuna ugonjwa mwingine unaojifanya sonona, kwa mfano tezi ya thairoidi iliyolegea au upungufu wa damu.

Ushahidi mzito zaidi kwamba steroidi hugusa moyo ulitoka kwenye magonjwa ya tezi zenyewe. Mwaka 1932 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, aliandika juu ya wagonjwa ambao uvimbe mdogo kwenye pituitari uliwafanya wafurike kotisoli: uso wa mviringo, nundu ya mafuta chini ya shingo, ngozi nyembamba yenye michirizi, na akili isiyotulia. Tangu hapo imeonekana kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa namna hii hupata sonona, na wengi hupata nafuu kotisoli ikishushwa, ingawa nafuu hiyo haiji kesho yake. Ungedhani basi kotisoli nyingi ndiyo sonona, na hesabu imekwisha. Lakini mapema zaidi, mwaka 1855, Thomas Addison wa London alikuwa ameueleza ugonjwa ulio kinyume chake, ambapo tezi za adrenali zimeharibika, mara nyingi enzi hizo kwa kifua kikuu, na kotisoli haipatikani. Wagonjwa hao nao huwa wachovu, wasio na hamu ya kula, wenye moyo uliozama. Mafuriko na ukame ni vitu viwili tofauti, ila ghala la mkulima huwa tupu katika vyote viwili.

Sasa vidonge, na hapa naomba nikae kidogo. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa haendi popote, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Dawa za ukoo huo, zikiwamo prednisoloni, deksamethasoni na hidrokotisoni, leo zinaokoa wagonjwa wa pumu, wa mzio mkali na wa kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo, na mwaka 2020 deksamethasoni ilithibitika kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa Uviko. Ni dawa nzuri, na ni dawa zinazoingia katika moyo wa mtu bila kubisha hodi.

Shangazi yangu wa Ujiji alipewa prednisoloni kwa maumivu ya viungo yaliyokuwa yamemlaza. Siku ya tatu alikuwa mtu mwingine. Saa nane za usiku tulimsikia uani akisugua masufuria kwa majivu huku akiimba, na kulipokucha alikuwa ameshapanga safari tatu, ya Kasulu, ya Uvinza na ya Bujumbura, kwa nauli ambayo hakuwa nayo. Tulicheka, tukasema dawa imemkubali. Baada ya wiki sita hivi uso ulikuwa umejaa, usingizi umekatika, na kijiko kikianguka anafoka. Vidonge vikaisha, naye akajiona amepona, akaacha siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha akawa amelala ameuelekea ukuta, ndoo ya lita kumi imemshinda kuinua, chakula kinamtapisha, na anatuambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka kuwa mtu. Aliyempa dawa hakuwa amemweleza lolote kuhusu namna ya kuziacha. Daktari wa pili ndiye aliyeuliza swali lenye maana: ulikunywa nini, kiasi gani, na uliacha lini? Akamrudishia dawa, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kila kipimo tukikiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Tangi letu linalieleza jambo hili. Ukiletewa maji kwa boza kila siku, boya hukaa juu, koki hufungwa, na bomba la nyumbani likikaa miezi bila kupitisha maji linashika kutu. Siku boza lisipokuja, unaligeukia bomba, nalo halitoi kitu. Adrenali zilizolazwa na vidonge kwa wiki kadhaa huhitaji muda kuamka, na katika muda huo mwili hauna kotisoli ya kutosha hata ya kuinuka kitandani. Kwa hiyo shangazi alipigwa mara mbili: kwanza na wingi, kisha na upungufu wa ghafla, na mara zote mbili sisi tuliona tabia tu.

Je, kila anayekunywa atapatwa na hayo? Hapana. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba, miongoni mwa waliokuwa wakitumia prednisoni, ndugu wa prednisoloni, miligramu 40 au pungufu kwa siku, waliopata matatizo ya akili walikuwa asilimia 1.3, kati ya miligramu 41 na 80 walikuwa asilimia 4.6, na zaidi ya miligramu 80 walifika asilimia 18.4. Kiasi ndicho kinachohesabika zaidi, na wengi hubaki salama. Asitokee basi mtu wa kusoma haya akamnyang'anya mtoto mwenye pumu dawa yake. Pampu ya pumu yenye steroidi, isitoshe, huipeleka kidogo sana moja kwa moja mapafuni.

Kinachonitia hofu kuliko dawa ya daktari ni mkorogo na vidonge vya kunenepa, kwa kuwa huko hakuna anayehesabu. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimetiwa steroidi kali kama klobetasoli, na krimu hiyo ikipakwa mwili mzima kila siku kwa miezi hupenya ngozi na kuingia katika damu ya kutosha kuzilaza adrenali. Vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabiwa ndani ya kipande cha gazeti mara nyingi ni deksamethasoni, na uso unaojaa, ule ambao Cushing aliuona kuwa dalili ya ugonjwa, mtaani unasifiwa kwamba umenawiri. Dada wa yule binti wa saluni, aliyekuwa halali wala hali baada ya kuviacha, yuko pale pale alipokuwa shangazi yangu, isipokuwa yeye hana daktari aliyeandika kipimo chochote, na huenda anaona haya kusema alichokuwa akimeza.

Tumrudie mzazi wa wiki tano. Wakati wa ujauzito, kondo la nyuma hutoa estrojeni na projesteroni kwa wingi ambao mwanamke haujui wakati mwingine wowote wa maisha yake, na kondo likishatoka, viwango hivyo huporomoka ndani ya siku chache tu. Wanawake wengi hulia katika siku ya tatu, ya nne au ya tano baada ya kujifungua, bila kujua wanachokililia, kisha hali hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Hiyo si sonona. Sonona ya uzazi ni ile inayovuka wiki hizo mbili au inayoanza baadaye, ikaja na kujiona mama asiyefaa, hofu isiyokoma, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na pengine kutomhisi mtoto kuwa wake. Ipo na ya tatu, adimu lakini ya hatari, ambapo mzazi huona au kusikia yasiyokuwepo na kusema maneno yaliyokatika katika. Huyo hasubiri kesho, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini ikiwa homoni huwaporomokea wazazi wote, mbona wengi hawaugui? Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo ambalo kwangu mimi linafundisha kuliko mengi makubwa. Waliwachukua wanawake 16 wasio wajawazito, wanane kati yao wakiwa wamewahi kupata sonona ya uzazi na wanane hawajawahi. Wakawapa wote homoni za kuiga ujauzito, kisha wakaziondoa ghafla. Katika wanane waliowahi kuugua, watano walizama moyo tena. Katika wanane wengine, hakuna hata mmoja. Homoni zilikuwa zile zile na kushuka kulikuwa kule kule. Mtu aliyesimama Kibirizi wakati upepo wa ziwa umekaza ameshaliona jambo hili: wimbi moja linapita chini ya boti kubwa na abiria hawageuzi shingo, linafika kwenye mtumbwi na mwenye mtumbwi anashika kingo kwa mikono miwili. Tofauti haiko katika wimbi, wala mwenye mtumbwi hana kosa.

Sehemu ya siri ya mtumbwi huo imeanza kufahamika. Projesteroni ikivunjwa mwilini huzaa kemikali iitwayo alopregnanoloni, nayo haihitaji kusubiri jeni. Inagusa moja kwa moja vipokezi vya GABA, ambavyo ni breki za ubongo, na kuvifanya vizidi kutuliza. Kondo likitoka, breki hiyo inalegea ghafla. Kwa kuufuata uzi huo, Marekani iliidhinisha mwaka 2019 dripu ya alopregnanoloni ya saa 60 kwa ajili ya sonona ya uzazi, kwa bei ya karibu dola 34,000 kwa mgonjwa, na mwaka 2023 kidonge cha jamaa yake kinachomezwa kwa siku 14. Mzazi wa Kigoma hana haja ya kuzingoja: mazungumzo ya tiba, dawa za kawaida za sonona, ambazo baadhi yake hutumika wakati wa kunyonyesha, na watu wa kumshika mtoto usiku, humponya mgonjwa. Hesabu ya mtumbwi na wimbi inawahusu pia wanawake ambao moyo huzama vibaya siku chache kabla ya kila hedhi kisha ukarudi damu ikianza. Wakipimwa, homoni zao ni za kawaida kabisa. Ubongo wao ndio unaoitikia kwa nguvu kupanda na kushuka ambako wengine hawakuhisi. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya wanawake katika miaka inayotangulia kukoma hedhi, estrojeni inapoyumba kabla ya kutulia chini.

Na sindano? Mama wa chini ya draya hakuzua. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha taarifa za wanawake zaidi ya milioni moja wa umri wa miaka 15 hadi 34, na wakaona kwamba wanaotumia uzazi wa mpango wa homoni waliandikiwa dawa za sonona kwa mara ya kwanza zaidi kidogo kuliko wasiotumia: takriban wanawake 2.2 kwa 1.7 katika kila 100 kwa mwaka, pengo likiwa kubwa zaidi kwa wasichana wa chini ya miaka 20. Soma namba hizo polepole. Kwanza, hata kama tofauti yote ilisababishwa na homoni, jambo ambalo utafiti wa kutazama tu hauwezi kulithibitisha, ni mwanamke mmoja katika kila 200 kwa mwaka. Pili, huyo mmoja yupo, na anastahili kusikilizwa badala ya kuambiwa ni mawazo yake. Mimi naona kosa la mijadala yetu liko hapo: upande mmoja unasema sindano inatia wazimu, upande mwingine unasema haina neno, na mwanamke anayeumia anaziacha pande zote mbili kimya kimya na kuishia na mimba asiyoitaka. Aliyewahi kupata sonona aliseme hilo kwa muuguzi kabla ya kuchagua njia, kwa kuwa sindano ya miezi mitatu ikishaingia haitolewi, wakati kijiti kinaweza kutolewa, na zipo njia zisizo na homoni.

Kwa wanaume nitapita haraka. Testosteroni hupungua kidogo kidogo umri ukienda, na mwanamume ambaye imeshuka kweli kwa sababu ya ugonjwa anaweza kuchoka, kupoteza hamu na kuzama moyo, naye hutibiwa. Anayejidunga kwa ajili ya misuli yuko kwenye hadithi ya boza: korodani hulala, na miezi ya baada ya kuacha huja na giza ambalo wengi hulificha kwa kurudia sindano.

Kuhusu unga wa kusawazisha homoni, neno lenyewe "kusawazisha" ndilo linalopotosha, kwa sababu homoni hizi zimeumbwa zipande na kushuka, kwa saa, kwa mwezi na kwa umri, wala hakuna kijiko kinachojua kuishusha kotisoli ya jioni bila kuigusa ile ya alfajiri. Tena katika nchi mbalimbali dawa zinazouzwa kama za mitishamba tupu zimewahi kupimwa zikakutwa zimechanganywa na deksamethasoni, na hapo mteja husifu mizizi kwa furaha ile ile aliyokuwa nayo shangazi yangu siku ya tatu.

Msemo "ni homoni" una heri yake, maana unamwondolea mzazi lawama ya kuwa mvivu au mwenye majini. Una hasara pia, kwa kuwa humfanya mume aliyeacha kutuma matumizi, mama mkwe anayesema maneno makali na nyumba isiyo na mtu wa kupokea mtoto usiku watoke katika hesabu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Homoni ni mjumbe, na mara nyingi habari anayoibeba imeandikwa na watu wa nyumba hiyo hiyo.

Anayehisi kwamba yanamhusu aende zahanati au kliniki ya mama na mtoto, na akihitaji zaidi aelekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Abebe kila alichokuwa akimeza, kujidunga au kujipaka, hata kile kikopo kisicho na lebo, kwa sababu mtoa huduma hawezi kuuliza juu ya kitu ambacho hajui kipo. Aseme lini kilianza na lini kiliachwa. Kama kuna mawazo ya kujidhuru, aende siku hiyo hiyo, na asiende peke yake.

Dada yangu alipomaliza kusukwa, msusi alikuwa ameshampigia shoga yake na kuweka simu kwenye spika, huku mikono ikiendelea na kichwa kingine. Bibi wa migebuka ndiye aliyesogea na kuinamia simu. Alimuuliza amekula nini tangu asubuhi, na nani amemshikia mtoto. Kisha akamuuliza kilio hiki kilianza lini. Sauti ikajibu, baada ya kimya kirefu, kwamba kilianza siku ya nne.

"Na leo ni wiki ya tano," bibi alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.